SOMO: Mashine ya Kurekodi TV Iamke Yenyewe Stima Ikirudi



Vikundi vingi vya mwethya hapa Mbumbuni na upande wa Kitui vina siku yao ya kukutana, na vipindi vya ukulima kwenye TV vina saa zao. Mara nyingi hivi viwili havipatani. Kipindi kama Shamba Shape Up, kilichoanza kuonyeshwa Citizen TV mwaka 2012, chaweza kuleta mazungumzo ya mkutano mzima, lakini nani atakuwa ameketi mbele ya TV saa hiyo, na ng'ombe hawajanywa maji? Basi kikundi hutaka kurekodi, kije kutazama pamoja.

Zamani tulitumia video ya kanda. Siku hizi kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012 na ambayo hutumia Linux. Huongezewa kipokezi cha TV cha USB, antena, diski ya kuwekea video, na programu kama Tvheadend. Mkinunua kipokezi, someni kwanza kama kimeandikwa DVB-T2. Kenya ilizima mitambo ya analogi mwaka 2015 na kuchukua njia hiyo. Kile cha DVB-T peke yake hakitashika kitu hapa, hata mkiuziwa kwa bei ya kutupa.

Kurekodi si kugumu. Taabu ni stima. Mvua ya Oktoba, ile tunayoitegemea zaidi Ukambani, ikianza, stima hupotea na kurudi, na ndio wakati watu wanataka mafunzo ya kupanda. Stima ikirudi, kompyuta huwaka yenyewe na taa yake mnaiona, kila mtu anajua kazi inaendelea. Kumbe programu ya kurekodi iliwashwa kwa mkono na kijana ambaye sasa yuko Nairobi. Siku ya mkutano mnafungua, hamna kitu.

Tuelewe kinachotendeka ndani. Katika Linux nyingi za siku hizi yuko msimamizi aitwaye systemd. Yeye huamka mapema, kisha huwaamsha wengine kwa orodha yake. Kila kazi inayoendelea nyuma ya pazia huitwa huduma, na huduma isiyo katika orodha ya kuamshwa huachwa imelala. Kuiandikisha Tvheadend mnaandika:

sudo systemctl enable tvheadend

Hapa wengi hukosea. Neno "enable" laandikisha tu, kwa ajili ya kuwaka kutakakofuata. Haliwashi sasa. Kuwasha sasa hivi ni "start" mahali pa "enable". Kuuliza hali yake ni "status": ikijibu "active (running)", iko kazini.

Halafu kuna jambo la diski. Programu yaweza kuamka kabla diski haijafunguliwa. Basi itaandika video kwenye kadi ndogo ya kompyuta, kadi ijae, na mashine nzima ianze kusumbua. Andikeni "sudo systemctl edit tvheadend", muweke mistari hii (tuseme diski yenu hufunguliwa kwenye /mnt/video):

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/video
[Service]
Restart=on-failure
RestartSec=10

Mstari wa diski wasema: bila diski, usianze. Miwili ya mwisho yasema: ukianguka, ngoja sekunde 10 uinuke tena. Na katika faili ya /etc/fstab, kwenye mstari wa diski hiyo, ongezeni neno "nofail", ili diski ikiharibika kompyuta isigome kuwaka.

Saa nayo ina mambo yake. Raspberry Pi za kabla ya namba 5 hazina saa yenye betri, na ya namba 5 betri yake hununuliwa kando. Stima ikipotea saa tatu, mashine huamka ikidhani ni wakati ule ule ilipozimika, na kipindi cha saa moja jioni itakirekodi saa nne usiku! Ikipata intaneti hujirekebisha, hata kwa simu iliyofunguliwa hotspot dakika chache, mradi iwe imeunganishwa nayo zamani. Mahali pasipo na intaneti, heri kununua kifaa kidogo cha saa chenye betri, kama DS3231.

Mkimaliza, jaribuni kwa "sudo reboot", kisha muulize "status". Msijaribu kwa kuchomoa waya, maana kuzimika ghafla huharibu kadi. Kikundi chenye sola na betri kiunganishe mashine huko, ni bora kuliko maarifa yote haya.

Neno la siri la mashine liandikwe, likae kwa katibu pamoja na daftari la mikutano. Sisi tungependa watu wawili wajifunze, mmoja wao mama anayekaa hapa kijijini, si kijana anayetafuta kazi mjini. Tena, kurekodi ili kikundi kijifunze ni jambo moja, kuuza nakala sokoni ni jambo lingine. Hilo la pili msilifanye.

Maswali ya kikundi:
1. Stima ikipotea leo usiku, nani kati yetu ataiuliza mashine kesho asubuhi kama iko kazini?
2. Pesa zikitosha kitu kimoja tu, tununue diski kubwa au betri?
3. Ni vipindi gani tunataka kabla ya mvua ya Oktoba?