KUHARA DAMU: CHOO KIPIMWE KABLA YA DAWA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wanaovuka kwenda Dar es Salaam kwa kazi au biashara, hasa wale wanaoshinda Kariakoo na mitaa ya Gerezani na Kisutu, wanakumbushwa juu ya ugonjwa wa amiba. Vimelea hivi huingia mwilini kwa maji, kwa matunda yaliyokwisha kukatwa, na kwa chakula kilichoshikwa na mikono isiyooshwa baada ya choo. Klorini, kwa kiasi kinachotiwa katika maji ya kunywa, haiwaui amiba walio ndani ya magamba yao. Kuchemsha maji kunawaua.

Dalili huanza polepole: tumbo kusokota, kisha choo kidogo kidogo cha mara nyingi, chenye kamasi na damu. Homa huwa ndogo au haipo. Homa kali ikija ghafla pamoja na kuhara damu, mara nyingi sababu ni bakteria wa shigela, na dawa ya amiba haiwaponyi wagonjwa wa aina hiyo. Hapo ndipo metronidazoli ya kununua dukani bila kipimo inapoleta madhara: mgonjwa hupoteza siku kwa dawa isiyo yake; au, ikiwa kweli ana amiba, huwapunguza hata wasionekane katika hadubini.

Choo chenye damu kiangaliwe kikiwa kibichi, ndani ya nusu saa hivi, kwani amiba hai hufa upesi. Kile kinacholetwa kutoka nyumbani ndani ya kiberiti, kama ilivyokuwa desturi, hakifai. Kitolewe hukohuko hospitalini, iwe Mnazi Mmoja ya Dar es Salaam au Mnazi Mmoja ya Unguja. Kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi. Vichukuliwe vitatu, kwa siku mbalimbali.

Jibu la kuwa amiba wameonekana nalo lisipokewe kwa haraka. Yuko amiba mwingine, Entamoeba dispar, asiyedhuru, ambaye kwa hadubini hatofautiki na Entamoeba histolytica aletaye ugonjwa. Akionekana aliyemeza chembe nyekundu za damu, huo ndio ushahidi. Mwaka 1997 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba asiye na dalili asitibiwe kwa sababu tu ya magamba kuonekana.

Mwenye homa, jasho na maumivu chini ya mbavu za kulia aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakuhara. Huenda ana jipu la ini, ambalo hutambuliwa kwa altrasaundi na kipimo cha damu. Choo chake mara nyingi hakionyeshi kitu.