Mashua Zilizovuka Milima

Mwaka 1915, wakati wa vita, Waingereza walileta mashua mbili za injini katika ziwa Tanganyika. Ziliitwa Mimi na Toutou. Gari la moshi lilizifikisha Fungurume, Katanga. Mbele palikuwa na milima ya Mitumba, wala hapakuwa na barabara. Watu walikata miti, wakajenga madaraja. Mashua zilivutwa na mashine mbili za mvuke, pamoja na ng'ombe wengi. Maji ya mashine yalipopungua, wanawake wa vijiji waliyaleta kichwani. Kisha zilisafiri kwa reli na kwa mto Lualaba hata Kalemie. Mwezi wa Desemba ziliingia ziwani. Mzigo mzito hauendi kwa nguvu ya mashine peke yake.

Maswali
1. Mashua ziliitwaje?
2. Bila wale wanawake, mashine zingefanya nini?