Uzi Imara Peke Yake Hautoshi

Wanachuo wenzangu, kwetu Mtama anayejenga nyumba ya miti na udongo haangalii ubora wa mti tu. Anaangalia pia fito zimepangwaje na udongo umezishika vipi. Ndivyo ilivyo kwa plastiki iliyoimarishwa kwa nanotyubu za kaboni.

Nanotyubu ni mrija mwembamba mno, kama tabaka la grafiti lililoviringishwa. Mjapani Sumio Iijima aliielezea mwaka 1991, dunia ikashtuka. Ugumu wake, yaani inavyokataa kuvutika, hufikia gigapaskali 1,000 hivi. Chuma cha pua kina 200, na gundi ya epoksi ina kama 3 tu.

Haya, tupige hesabu. Chukua ujazo wa nanotyubu asilimia 1, epoksi asilimia 99. Mirija yote ikilala upande wa mvuto: 0.01 × 1,000 ni 10, 0.99 × 3 ni 2.97. Jumla karibu 13, zaidi ya mara nne ya epoksi tupu! Ila ikielekea ovyo pande zote, mchango wake hushuka hadi kama moja ya tano. Unabaki na 5 hivi.

Na hapo tumedhani kila mrija umenyooka, umetengana na mwenzake na umeshikwa vizuri na epoksi. Maabara haikuhurumii hivyo. Nanotyubu huvutana zenyewe kwa zenyewe na kufanya mabonge, na ufa hupenda kuanzia kwenye bonge. Ndiyo maana ukizidisha dozi, kipande kinaweza kuwa dhaifu zaidi. Mawimbi makali ya sauti huyatawanya mabonge, lakini ukiyaachia muda mrefu yanaikata mirija.

Nayasema haya kwa sababu jirani zetu Ruangwa wana grafiti, na wapo wanaodhani basi nanotyubu tunazo. Polepole jamani! Nyingi leo hukuzwa kutokana na gesi zenye kaboni, juu ya chembe ndogo za metali, kwenye joto kali. Madini siyo teknolojia.

Unayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, ifikirie katani, zao la siku nyingi Lindi. Ugumu wake ni mdogo sana ukiilinganisha na nanotyubu, lakini maswali ni yaleyale: nyuzi zimeelekea wapi, zimetawanyika sawasawa, na zimeshikwa? Tena mashine ya kuvuta vipande inatosha kukupa majibu. Atakayeyajibu kwa katani hatababaika siku nanotyubu zikimfikia mezani.