Kupata Picha Dhahiri kwa Lenzi ya Kuvuta

Mwalimu wa Kingolwira ana zana kubwa ya kufundishia mbele ya dirisha la darasa lake, nayo ni Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake virefu vyapita mita 2,600. Lakini mlima haubebeki hadi mezani. Hapo ndipo kamera yenye lenzi ya kuvuta inapomfaa. Tuseme somo ni hifadhi ya udongo, na picha ni ya matuta ya ngazi, yale yale ambayo kulazimishwa kwake kulizusha ghasia huko milimani mwaka 1955. Ikiwa picha imefifia, mtoto atakayeulizwa kama matuta yanakinga mteremko au yanateremka nao atabahatisha, na mwalimu hatajua kwamba amebahatisha. Afadhali kuchora ubaoni.

Fokasi inayojirekebisha yenyewe haitambui mlima wala mti. Kwa kawaida hutafuta mahali ambapo giza na mwanga hupakana: ukingo wa jani, mstari wa paa, shina lililosimama mbele ya anga. Ukiielekeza kwenye ukungu wa asubuhi, lenzi itakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia. Tafuta basi mti ulio umbali ule ule, ulenge, bonyeza kitufe nusu, ukishikilie hapo, kisha geuza kamera upande unaoutaka na umalizie kubonyeza.

Jambo linalowashinda wengi ni utaratibu. Hulenga kwanza, ndipo wavute. Katika lenzi nyingi za kamera za siku hizi, vioo vya ndani vinaposogea ili kuvuta, fokasi nayo huhama kidogo. Kwa hiyo vuta kwanza, kisha ulenge. Ukivuta tena, lenga tena. Tena kadiri uvutavyo ndivyo eneo linaloonekana dhahiri linavyozidi kuwa jembamba, na unyasi mmoja uliosimama mbele waweza kuiteka fokasi yote. Chagua alama moja ya kulengea, wala usiiachie kamera ichague.

Si kila ukungu wa picha ni kosa la fokasi. Ikiwa majani ya mbele ni dhahiri na matuta yamefifia, fokasi imekosea. Ikiwa kila kitu kimeburutwa upande mmoja, ni mkono uliotikisika: lenzi ikiwa milimita 200, tumia kasi ya 1/250 ya sekunde au zaidi, na uegemeze viwiko ukutani.

Watoto nao waelewe. Wape kioo cha kukuzia na karatasi nyeupe, wasimame upande wa darasa ulio mkabala na dirisha, wasogeze karatasi nyuma ya kioo hadi sura ya dirisha itokee, nayo itakuwa imepinduka juu chini. Waulize: mkisogea karibu na dirisha, karatasi iende wapi? Waache wajaribu kabla ya kujibu, na kioo kisielekezwe kwenye jua.