Taa ndogo inayoonyesha walinzi wa mwili

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Ndani ya shimo unawasha taa ya kichwani ili uone jiwe lililopasuka kabla halijaanguka. Je, ndani ya mwili tutaonaje hatari kabla mtu hajaanguka? Leo tujifunze juu ya taa moja ndogo inayotumika katika laboratwari.

1. Walinzi ni nani?

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo ziitwazo seli. Ndani yake kuna vitu vyenye sulfuri iliyoshikana na hidrojeni: ndizo tioli. Iliyo nyingi katika seli ni glutationi. Kazi yake ni kuzima sumu. Tioli zingine zimo ndani ya protini zinazofanya kazi, hata zile zinazosaidia kutengeneza damu.

Katika miaka ya 1830, mtaalamu Zeise wa Denmark aliziita merkaptani, maana yake zenye kukamata zebaki. Ni kweli: zebaki, risasi, arseniki na kadmiamu hushikana sana na sulfuri. Risasi ikishika protini ya kutengeneza damu, protini ile inasimama kazi. Damu inapungua, mtu anachoka bila kujua sababu.

2. Taa inawaka namna gani?

Tioli hazionekani kwa macho. Mwaka 1979, Nechama Kosower, Edward Kosower na wenzao walionyesha namna ya kutia alama chembe nyekundu za damu ya mtu kwa dawa ziitwazo bimani. Bimani peke yake ni kama taa iliyozimwa. Ikishikana na tioli, kisha ikamulikwa kwa mwanga wa zambarau, inang'aa buluu. Mashine inapima mwanga huo. Ukiwa mwingi, walinzi wako tayari. Ukiwa hafifu, wamepungua au wamekwisha kushikwa.

Lakini taa hii haitaji jina la mwizi, maana hata njaa na ugonjwa hupunguza glutationi. Kwa hiyo, ili kujua kama mfanyakazi ameingiwa na risasi, munganga anapima risasi yenyewe katika damu.

3. Tufanye nini?

Watu wengi huniuliza: «Munganga, nikinywa maziwa, sumu si itatoka?» Hapana. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayatoi risasi iliyokwisha kuingia damuni. Mayai, samaki na maharagi husaidia mwili kutengeneza walinzi wapya. Lakini vumbi likiingia kila siku, walinzi watashindwa. Basi:

– Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula bukari au kuvuta sigara.
– Usile mahali penye vumbi la madini.
– Acha salopeti na viatu kazini. Vumbi la nguo linaingia kwa mtoto anayekukimbilia mlangoni, na risasi inaharibu akili ya mtoto kuliko ya mtu mzima.
– Mama, nguo za kazi zikifika nyumbani, usizikung'ute. Ziloweshe, uzifue peke yake.
– Usiyeyushe betri kuukuu katika kiwanja cha nyumba.
– Ukiitwa kutolewa damu, usikimbie.

Maswali ya kujijaribu: Tioli ni nini? Kwa nini bimani inawaka? Leo jioni, kabla hujambeba mtoto wako, utafanya nini kwanza?