Dondoo Muhimu: Pilau ya Idi na Wageni wa Mafungu

Ndugu na marafiki hawaji pamoja siku ya Idi, na sufuria inayowasubiri tangu mchana hadi usiku ndiyo chanzo cha matumbo kuuma.

• Usiache pilau ipoe nje kwa zaidi ya muda wa saa 2. Mbegu za bakteria aitwaye *Bacillus cereus* hustahimili kupikwa, kisha huchipua na bakteria huzaana chakula kikiwa vuguvugu. Utasema utaipasha moto. Moto huua bakteria, lakini sumu ya kutapisha aliyokwisha kuitoa hubaki.

• Pika kwa awamu mbili, kufuatana na wageni wanavyofika, hata kama sufuria moja kubwa inapendeza zaidi machoni.

• Kiporo kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kisha kiweke frijini.

• Huna friji? Wapelekee majirani kingali moto.