Shangingi jipya lapimwa kwa mizani ya mtaji

Kila msimu mzuri wa kahawa unapokwisha mkoani Kagera, fedha hutafuta mahali pa kwenda. Wako wanaojenga, wako wanaoongeza ghala, na wako wanaotazama magari. Kwa mwenye mtaji wa kutosha, gari linalotajwa zaidi ni Toyota Land Cruiser 300, lililozinduliwa na kampuni ya Toyota mwezi Juni 2021 kuchukua nafasi ya Land Cruiser 200 ya mwaka 2007. Ni shangingi lililo jipya, lenye nguvu na lenye bei. Somo la wiki hii linalipima gari hilo kwa mambo matatu, yaani vifaa, injini na gharama, kwa kutumia barabara na biashara za Bukoba na Muleba kama mizani.

Gari lenyewe

Kwa macho, gari halikubadilika sana. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma umebaki milimita 2,850, kipimo ambacho Land Cruiser kubwa limekuwa nacho kwa vizazi kadhaa. Mabadiliko yako chini na ndani. Chasisi ni mpya, na boneti, paa na milango ni ya alumini. Kwa jumla uzito umepungua kwa takriban kilo 200 ukilinganishwa na gari lililotangulia, jambo ambalo husaidia breki, tairi na matumizi ya mafuta.

Kuna pia kamera zinazomwonyesha dereva hali ya ardhi kuzunguka gari, mfumo wa kulitambaza gari polepole kwenye matope au mteremko bila dereva kukanyaga mafuta, na katika aina za bei ya juu, kuwasha gari kwa alama ya kidole. Mfumo wa usalama unaweza kufunga breki wenyewe unapoona hatari mbele.

Mnunuzi wa Kagera atofautishe kifaa kinachofanya kazi na kile kinachopendeza. Bukoba ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa wastani wa milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Anayeteremka kutoka vilima vya Kamachumu kwenye udongo uliolowa atanufaika na mfumo wa kutambaa na difu inayofungwa. Alama ya kidole haitamsaidia chochote akinasa. Aidha, alumini haigongwi na kunyooshwa kama bati la chuma. Inataka vifaa na ujuzi wake. Mlango uliobonyea, ambao fundi wa mtaani angeunyoosha kwa siku moja, huenda ukalazimu kuagizwa mwingine.

Suala la rimu nalo ni dogo lenye matokeo makubwa. Aina za bei ya juu huja na rimu za inchi 20, ambazo tairi zake zina ukuta mfupi. Rimu ya inchi 18 ina tairi yenye ukuta mrefu zaidi, inayostahimili mashimo na mawe. Kwa barabara za vijijini, aina ya bei ya chini ndiyo bora kwa jambo hili.

Injini: V8 imekwisha

Jina la V8, ambalo Tanzania limekuwa karibu sawa na cheo, halipo tena kwenye gari hili. Toyota imeweka injini za silinda sita, na hapa zinatazamwa tatu.

Ya kwanza ni ya petroli, lita 3.5, yenye turbo mbili. Inatoa nguvu za farasi 415 na nguvu ya kuvuta ya Nm 650. Ya pili ni ya dizeli, lita 3.3, nayo yenye turbo mbili: farasi 309 na Nm 700. Zote mbili zina gia 10 za kujibadilisha zenyewe. Ya tatu, inayouzwa katika baadhi ya nchi tu, ni ya petroli, lita 4.0, isiyo na turbo. Ina farasi kama 270, Nm 385 na gia sita.

Turbo ina maana ya pekee katika mkoa huu. Mji wa Bukoba uko takriban mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Muleba viko juu zaidi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Kwa hiyo injini ya lita 4.0 inafika Bukoba ikiwa imepungukiwa zaidi ya asilimia 10. Zenye turbo husukuma hewa ndani na kufidia sehemu kubwa ya upungufu huo.

Lakini faida hiyo ina masharti. Dizeli ya kisasa husukumwa kwa shinikizo kubwa kupitia pua nyembamba sana; maji au uchafu kwenye mafuta huziharibu upesi. Magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa nchi zenye sheria kali za moshi huwa pia na kichujio cha masizi, ambacho huziba gari linapotumika kwa safari fupi fupi za mjini. Mwenye kuishi Bukoba na kwenda dukani kwake kila siku kilomita tatu hafai kununua gari la namna hiyo, hata kama linasifiwa kwa kubana mafuta.

Yapo pia mambo mawili ya rekodi ambayo mnunuzi wa gari la mtumba anapaswa kuyajua. Mwezi Januari 2024 Toyota ilisimamisha kwa muda kusafirisha magari yenye injini tatu za dizeli, ikiwamo ya Land Cruiser 300, baada ya kugundulika kasoro katika taratibu za kupima nguvu za injini hizo kwa ajili ya vibali. Kampuni ilisema magari yenyewe yana nguvu zilizotajwa, na kazi ikaendelea baadaye mwaka huo. Mwezi Mei 2024, huko Marekani, iliita magari yapatayo 102,000 ya Tundra na Lexus LX ya miaka 2022 na 2023, kwa sababu ya mabaki ya chuma yaliyoweza kubaki ndani ya injini ya petroli ya lita 3.5 wakati wa kutengenezwa. Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ya Land Cruiser 300. Hii haina maana kwamba kila gari ni bovu. Maana yake ni kwamba namba ya chasisi ihakikiwe kabla ya fedha kutumwa.

Bei: kutoka Japani hadi Bukoba

Lilipoanza kuuzwa Japani mwezi Agosti 2021, gari hili lilikuwa na bei ya kuanzia yen milioni 5.1 hadi milioni 8. Maombi yalizidi uwezo wa kiwanda, na Januari 2022 kampuni ikatangaza kwamba mteja angeweza kusubiri hadi miaka minne. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu kwa asiyezoea soko: gari lililotumika likauzwa ghali kuliko jipya. Aliyekuwa na gari mkononi aliuza nafasi kwenye foleni, wala si chuma. Mnunuzi wa mwisho ndiye aliyelipa, na foleni ikipungua, ziada ile huyeyuka.

Kodi za hapa nchini zinafuata. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2021/22, gari la injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 lilitozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 na VAT asilimia 18, kila kodi ikikokotolewa juu ya iliyotangulia. Uchukuliwe mfano wa gari lenye thamani ya shilingi milioni 200 linapofika bandari ya Dar es Salaam, pamoja na bima na nauli:

Thamani bandarini: milioni 200
Ushuru wa forodha: milioni 50
Ushuru wa bidhaa, asilimia 10 ya milioni 250: milioni 25
VAT, asilimia 18 ya milioni 275: milioni 49.5
Jumla: milioni 324.5

Hapo bado tozo ndogo ndogo, usajili, wakala wa forodha na safari ya zaidi ya kilomita 1,300 hadi Bukoba. Kwa gari la mtumba, Mamlaka ya Mapato ina orodha yake ya thamani kwa kila aina na mwaka; ankara yenye bei ndogo haimsaidii mnunuzi. Wala njia ya Kampala si mkato. Gari lililovushwa Mutukula lazima lilipiwe kodi za Tanzania kabla ya kusajiliwa nchini.

Mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa VAT asijidanganye kwamba atairudisha. VAT ya gari la abiria haikatwi, isipokuwa kwa anayefanya biashara ya kuuza magari, kuyakodisha au kusafirisha. Sheria ya Kodi ya Mapato nayo imeweka kikomo cha thamani inayokubaliwa kwa uchakavu wa gari lisilo la kibiashara, na kikomo hicho kiko chini sana ya bei ya gari hili.

Gharama ya kukaa nalo

Kwa vipimo vya Japani, injini ya petroli ya lita 3.5 huenda kilomita 8 hivi kwa lita, na ya dizeli kilomita 9.7. Kwa mwendo wa kilomita 2,000 kwa mwezi, hiyo ni lita 250 za petroli au 206 za dizeli. Barabara za vilima zitaongeza. Kagera iko mbali na bandari, hivyo bei kikomo za EWURA huwa juu kuliko za Dar es Salaam. Tena ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017 na mzigo wake kuwekwa kwenye mafuta, hivyo gari linalokunywa sana ndilo linalolipa sana.

Mfano wa hesabu ya mwaka, kwa dizeli ya shilingi 3,000 kwa lita, bima kubwa ya asilimia 3.5 na gari kushuka thamani kwa asilimia 10:

Kushuka thamani: milioni 32.5
Bima: milioni 11.4
Mafuta: milioni 7.4
Matengenezo na tairi: milioni 6
Jumla: milioni 57.3

Gharama kubwa kuliko zote bado haijatajwa, nayo ni fedha iliyolala. Mwenye mtaji anayezungusha fedha mara tatu kwa mwaka katika kahawa, maharage au samaki, akibakiwa na faida halisi ya asilimia 4 kila mzunguko, angepata milioni 38.9 kwa zile milioni 324.5. Ikijumlishwa, gari linamgharimu takriban milioni 96 kwa mwaka, yaani milioni 8 kwa mwezi. Kwa kilomita 24,000, kila kilomita moja ni shilingi 4,000. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Mpangilio wa hesabu haubadiliki.

Kinachopaswa kupimwa zaidi ni uhakika wa mapato. Baridi kali iliyopiga Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa hadi kilele cha 1977. Mwezi Julai 1989 mgawanyo wa mauzo wa Shirika la Kahawa la Kimataifa ulivunjika, na bei zikaporomoka. Robusta, kahawa kuu ya Kagera, ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwezi Septemba 2024, ikapanda zaidi mwezi Februari 2025, na kufikia Julai 2025 ilikuwa imeshuka chini ya dola 4,000. Anayenunua gari kwa mkopo katika mwezi wa kilele analipa marejesho katika miezi ya mteremko. Mkulima anayeuza butura hupata fedha leo na kupoteza mavuno ya kesho; mfanyabiashara anayefunga mtaji wake kwenye chuma anafanya jambo lile lile kwa suti nzuri zaidi.

Njia nyingine

Land Cruiser 250, lililotangazwa Agosti 2023 na kuanza kuuzwa Japani Aprili 2024 kwa yen milioni 5.2 hadi 7.35, lina dizeli ya lita 2.8, farasi 204 na Nm 500. Ni dogo kidogo na linatosha kwa barabara zote za mkoa. Land Cruiser 70 lenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo lina farasi kama 130 tu na halina starehe, lakini mafundi wengi wanaifahamu injini yake. Prado kuukuu lina bei ndogo, ila gari la zaidi ya miaka 10 limekuwa likitozwa nyongeza ya ushuru wa bidhaa ya asilimia 30.

Hukumu

Kama gari, Land Cruiser 300 ni zuri, na injini ya dizeli yenye rimu za inchi 18 ndiyo inayofaa zaidi Kagera. Kama kitega uchumi, halifai, maana faida ya foleni si ya kutegemewa. Linamfaa mwenye safari ndefu za mara kwa mara, anayelinunua kwa faida iliyokwisha kutengwa, na ambaye siku ya mnada hatalazimika kulitazama gari akitamani lingekuwa fedha. Kwa wengine, ghala kwanza.